Lenzi ya Deki ya Mzee Masolwa

"Kirudishe! Kirudishe hicho ulichokitoa, nimekuona kwa macho yangu!"

Wifi yangu Eustadia alikuwa amemsimamia fundi Mabruki kichwani, kidole kimekaribia kuingia ndani ya deki. Fundi alikuwa kwenye kigoda chake, chuma cha kuchomelea mkononi, bado kinafuka moshi. Wala hakuinua uso.

"Dada, hiki ni kitone cha risasi ya kuchomelea," alisema. "Kinawekwa kiwandani ili umeme wa mkono wa mtu usiunguze lenzi ikiwa safarini. Lenzi ikishafungwa mahali pake, lazima kitolewe. Kisipotolewa haiwaki."

"Kiwanda kimeweka, wewe unatoa. Unajua kuliko kiwanda?"

"Kiwanda chenyewe ndicho kinasema kitolewe."

"Kimekuambia lini? Kilikupigia simu?"

Mwanne, fundi cherehani anayekaa baraza hiyohiyo, alisimamisha mguu wake. "Mwache amalize, mama. Hata mimi nikishashona gauni lako natoa pini. Ungependa nikuachie?"

"Wewe shona!"

"Nashona. Nasema huku nashona."

Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo ya baraza, mkoba begani, kimya. Wanaonijua wangeshangaa. Kazini kwangu, maabara ya kituo cha afya, daktari akiandika kitu kisichosomeka namrudishia karatasi mbele ya wagonjwa. Nyumbani wanangu wananiita taarifa ya habari, kwa sababu kila kitu natangaza. Lakini asubuhi ile pale mtaa wa Ng'ambo mdomo ulikuwa umenikauka, na sababu nilikuwa naijua.

"Na lenzi ya zamani iko wapi?" Eustadia hakuwa amemaliza. "Ile ya Kijapani, orijino. Nataka niione. Mafundi nyinyi tunawajua. Mtu analeta kitu kizima kina ugonjwa mdogo, mnang'oa cha maana mnamuuzia mwingine, mnatuwekea takataka."

Mabruki alikiweka chuma chake kwenye kopo. Akafungua mtoto wa meza, akatoa bahasha ndogo ya kaki, ya zile tunazotilia vidonge. Juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu: *Mzee Masolwa, Gongoni*, na tarehe. Hivyo ndivyo kazi yake ilivyo. Hatupi kitu cha mtu hata kama ni nati iliyooza. Na kabla hajafungua chochote anaweka alama ya rangi ya kucha kwenye vifaa vya ndani, mwenye mali akiwa anatazama, ili siku ya maneno alama iseme. Yetu aliweka nyekundu. Niliiona akiiweka.

"Hii hapa, dada. Alama hii hapa. Muulize Mama Doto, alikuwepo."

Mama Doto ni mimi. Nilitikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa tu ndiko nilikoweza.

Eustadia alikipeleka kile kifaa kwenye mwanga. Kilikuwa kipande cha chuma kisichofika ukubwa wa kiberiti, katikati yake kilenzi kidogo kama punje ya dengu. Kilenzi cha deki nzima hung'aa, kina ubuluu kwa mbali. Hiki kilikuwa cheupe, kimefifia chote.

"Mbona nyeupe? Umeimwagia nini?"

"Imezeeka, dada."

"Uzee! Mwezi uliopita baba alikuwa anasikiliza diski zake. Uzee gani unaingia kwa siku moja?"

Swali lilikuwa zuri. Mabruki aliinama, akaanza kufuta ncha ya chuma chake kwenye sponji yenye maji, na hakunitazama kabisa. Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Nieleze sasa, kwa sababu mambo haya yakisimuliwa nusunusu yanamharibia mtu asiye na kosa.

Deki ni ya baba mkwe wangu, Mzee Masolwa. Alifanya kazi ya mawasiliano ya reli miaka thelathini na minne, mingi ya hiyo akiwa Kaliua, kwenye simu na taa za kuongozea treni. Mwishoni alifanya kazi na mhandisi mmoja wa Kijapani, wakawa marafiki ingawa kila mmoja alikuwa na Kiingereza cha kuombea maji tu. Mjapani alipoondoka alimwachia deki ile na kasha la diski. Si deki hizi za plastiki za sokoni. Ina uzito wa mtoto wa darasa la tatu, uso wake rangi ya shaba iliyofifia, na droo inatoka taratibu bila kelele. Baba mkwe sasa macho yake hayaoni vizuri, televisheni haimfai, gazeti halimfai. Vitufe vya deki anavijua kwa vidole. Kila siku baada ya chakula cha mchana anasikiliza diski moja, moja tu, halafu anaizima. "Unasikia mtu anavuta pumzi kabla hajaimba," huwa anasema. "Kwenye redio ile pumzi wanaikata."

Mimi ninadaiwa na mzee yule shukrani ambayo siwezi kuimaliza. Nilipoolewa na mwanawe Marko nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Barua ya kuitwa chuoni, stashahada ya maabara, ilinikuta nina mapacha wa miezi minane. Mama mkwe alikwisha kufariki. Ukoo mzima ulikaa, ukasema mwanamke mwenye Kulwa na Doto mgongoni haendi chuo. Eustadia alisema kwa sauti kuliko wote. Mzee Masolwa alisikiliza mpaka wakachoka. Kisha akasema amekwisha kuomba likizo yake yote iliyolimbikizwa, na ikiisha atatafuta msichana wa kusaidia. Akajifunza kupika uji usio na mabonge. Akajifunza kufunga nepi. Wenzake wa stesheni walimcheka, wakamwita mama mlezi, naye akaitika. Miaka mitatu. Kila nilipopima damu ya mtu nikamwona mdudu wa malaria kwenye hadubini, nilijua ni nani aliyenikalisha kwenye kile kiti.

Lakini kwenye nyumba ya Masolwa kuna heshima yake. Mkwe hakai jamvi moja na baba mkwe. Hamkabidhi kitu mkononi. Anakiweka mezani, baba mkwe anakichukua. Ukiwa na jambo zito unampa mtu alipeleke, mara nyingi wifi. Kwa hiyo miaka ishirini na mbili nimeshukuru kwa vitendo. Nafua mashuka yake mwenyewe, simwachii mtu. Samaki nachambua miiba kabla sahani haijafika mezani.

Sasa deki ilipoanza kurukaruka, wimbo ukifika katikati unakwama, nilimsikia akisema peke yake, "Imechoka kama mimi." Maneno hayo yaliniingia vibaya. Siku aliyokwenda kliniki ya macho na Marko nilifungua kifuniko cha deki kwa bisibisi ya jikoni. Nikaiona lenzi. Ina vumbi. Mimi na lenzi tunajuana, nimezisafisha miaka kumi na tisa. Nilitoa karatasi laini ya lenzi niliyokuja nayo kutoka kazini, na kichupa cha zailini, dawa tunayoondolea mafuta kwenye lenzi za hadubini. Zailini kwenye kioo haina shida. Tone moja, futa, kioo kinarudi kuwa kama kipya.

Ila lenzi ile haikuwa kioo. Ilikuwa plastiki.

Niliona inabadilika mbele ya macho yangu, inaingia ukungu. Nikafuta tena, ikazidi. Nilipofunga na kutia diski, deki ilizunguka, ikasita, ikaandika kwamba hakuna diski. Baba mkwe aliporudi nikasema imekufa, nitaipeleka kwa fundi. Sikusema zaidi. Ningemuuliza kwanza, yeye mtu wa mitambo, angenikataza kabla sijafungua kichupa. Lakini kumwuliza baba mkwe jambo kama hilo ana kwa ana sikulizoea, na Marko hakuwa mtu wa kutumwa habari za lenzi.

Mabruki siku ile ya kwanza alifungua, akatazama kwa kioo cha kukuzia, akaniuliza, "Kuna mtu aliigusa, Mama Doto?"

Nikamwambia, "Hakuna."

"Basi uzee," alisema, na hakurudia tena.

Aliagiza mashine ya lenzi kutoka Dar: lenzi, kimota, na vyuma viwili inavyotelezea, vyote pamoja. Ya kwanza haikuwa yenyewe. Matundu ya skrubu yalipishana kwa upana wa ukucha. Fundi mwingine angetoboa upya na kulazimisha. Yeye aliirudisha kwenye treni, tukasubiri wiki nyingine tatu. Ndani ya wiki hizo habari zikamfikia Eustadia kule Kaliua anakoishi, zimekwisha kukua njiani: kwamba deki ya baba imechunwa vifaa vya ndani. Akapanda treni na dumu la asali na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Akashuka, akamweleza baba yake alivyoona yeye, ndipo akaniburura mimi kuja Ng'ambo, mizigo yake bado mkononi.

"Nasubiri jibu," Eustadia alikuwa anasema sasa. "Uzee gani wa siku moja?"

Kabla Mabruki hajafungua mdomo, pikipiki ilisimama mbele ya baraza. Alishuka Wilbroad, mwenyekiti wa kwaya yetu ya Gongoni, kofia ngumu bado kichwani.

"Hamjambo hapa? Fundi, nimekuja kuchukua amplifaya ya kwaya."

"Haijaisha, mwenyekiti. Nilikuambia Alhamisi. Bado kuunga transfoma."

"Nitaichukua hivyohivyo." Wilbroad aliikodolea macho sakafu. "Nimetumwa. Mzee Masolwa amenipigia simu asubuhi. Ndiye mlezi wetu, unajua. Amesema kitu cha kwaya kisilale kwako tena."

Mwanne aliacha kukanyaga cherehani.

Mabruki aliinuka. Akaishusha ile amplifaya kutoka kwenye rafu, akaiweka mezani, akatafuta kifuniko chake. Skrubu alizitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa uzi kwenye mshikio.

"Skrubu kumi na mbili," alisema. "Zihesabu mbele yangu."

Wilbroad hakuhesabu. Aliifunga amplifaya nyuma ya pikipiki kwa mpira, akasema, "Samahani, fundi," akaondoka. Mtaa mzima uliona, kwa sababu kitu cha kanisa kikitolewa kwa fundi kikiwa kimefunguliwa matumbo, hakuna asiyeelewa maana yake.

"Hilo litafika msikitini kabla ya adhuhuri," Mwanne alisema polepole. "Na wao spika zao ziko hapo kwenye rafu."

Nilizitazama zile spika. Halafu nikamtazama Mabruki, ambaye alikuwa amerudi kwenye kigoda na anapangusa mahali amplifaya ilipokuwa.

"Eustadia," nilisema. "Lenzi niliiharibu mimi."

Aligeuka. "Wewe vipi?"

"Niliisafisha na zailini. Dawa ya maabara. Kioo haikidhuru, ila plastiki inaiunguza. Sikujua ni plastiki. Fundi aliniuliza siku ya kwanza kama kuna aliyeigusa, nikamwambia hakuna. Nilimdanganya, na baba nilimdanganya, na wewe nimekuacha utukane mtu tangu saa tatu."

Eustadia alikaa kwenye benchi la wateja, kikapu cha michembe magotini.

"Yaani nimetoka Kaliua kuja kumvunjia heshima mtu wa watu!"

"Hukuuliza."

"Nimuulize nani? Na wewe uko hapo umenyamaza, kama umepakwa rangi moja na nguzo?"

Mwanne alicheka mpaka akashika kifua. Alikuwa amesema kweli.

Nilimwendea Mabruki. "Ulijua."

"Nilijua nilipofungua kifuniko." Alisema kwa utulivu, kama anayesoma risiti. "Lenzi ikichoka kwa umri haibadiliki rangi, inaishiwa nguvu tu. Weupe ule ni wa dawa. Na kulikuwa na kipande cha karatasi laini kimenasa kwenye chuma cha kutelezea. Karatasi ile haiuzwi dukani."

"Kwa nini hukusema? Hata leo, unatukanwa mbele ya mtaa?"

"Mama Doto, mimi kazi yangu ni kutengeneza. Nikianza kutafuta nani kaharibu, hakuna atakayeniletea kitu. Watu wanavunja vitu vya waume zao, vya wazazi wao, vya mabosi wao. Wanakuja hapa wananiambia kimeanguka chenyewe. Mimi naitika, nafungua. Halafu wewe ulikuja na bajaji umeipakata deki hiyo kifuani, nzito vile, hukutaka hata dereva akushikie. Nikasema huyu alikuwa anataka kufanya jema."

Nimefanya kazi na watu wengi wenye elimu na vyeo. Hakuna aliyewahi kunibebea aibu yangu namna ile, bila kuniomba hata nimtazame. Nilitaka kusema maneno mengi. Nilisema, "Ahsante, fundi."

"Bado. Ngoja isome kwanza."

Akavaa miwani. Alikagua mahali alipotoa kile kitone cha risasi, akapitisha sindano kuhakikisha hakuna kilichobaki kinagusana. Akakandamiza ule waya bapa, mwembamba kama utepe, mpaka ukalala sawa kwenye soketi yake. Akausukuma mkono wa lenzi kwa kidole kwenda na kurudi, taratibu, akisikiliza kwa ncha ya kidole kama kuna mahali unakwaruza. Eustadia alikuwa amesogea, amekunja mikono, lakini safari hii alikuwa anatazama kujifunza.

"Kwa hiyo hicho kitone," alisema, "kingebaki?"

"Deki ingezunguka bila kuona chochote. Ningeifunga, mngeipeleka nyumbani, mngesema nimeiba."

"Ningesema," Eustadia alikubali.

"Ulisema," Mwanne alimkumbusha.

Mabruki alichomeka umeme. Droo ikatoka. Akaomba diski, nikatoa kwenye mkoba ile aliyoipenda baba mkwe kuliko zote, nilikuwa nimeifunga kwa kitambaa cha chai. Droo ikaingia. Kwa muda hakukuwa na chochote. Kisha mota ikalia kidogo, ikazunguka, ikatulia kwenye mwendo, na kwenye kioo cha mbele zikajitokeza tarakimu: nyimbo kumi na moja, dakika hamsini na mbili.

Mabruki alibonyeza, na kwenye vile vispika vyake vibovu vya kujaribia tukamsikia mwanamke asiyejulikana, wa nchi isiyojulikana, anavuta pumzi, halafu anaimba.

"Alhamdulillahi," alisema Mabruki.

"Mungu mkubwa," alisema Eustadia. Alisikiliza mpaka wimbo wa kwanza ukaisha. Akafuta pua. "Fundi, nimekukosea. Sina namna nyingine ya kulisema. Nimekukosea mbele za watu na nasema mbele za watu."

"Yamekwisha, dada."

"Una chombo?"

"Cha nini?"

"Asali."

Mwanne ndiye aliyeleta chombo, tena viwili, akisema na yeye ametukanwa kidogo. Eustadia akawamiminia nusu ya dumu lililokuwa la baba yake.

Kwenye bajaji, deki nimeipakata mimi. Tulipoiacha Ng'ambo, Eustadia akasema kwa sauti ya chini ili dereva asisikie.

"Sikiliza. Kwa baba tutasema lenzi ilichoka. Mimi nitasema nilikosea kuhusu fundi, basi. Hakuna haja ya kumtia presha mzee."

"Na amplifaya?"

"Itarudi. Polepole. Wilbroad nitaongea naye."

"Wilbroad ametumwa na baba. Baba asipojua lenzi iliharibikaje, ataendelea kumshuku Mabruki, na amplifaya hairudi. Na baba hajakosea, Eustadia. Amedanganywa. Na mimi ndiye niliyeanza."

"Basi nitamwambia mimi kwa niaba yako. Ndivyo tunavyofanya. Mkwe hasimami mbele ya baba kusema kosa lake."

Ndivyo tunavyofanya, kweli. Na wifi akipeleka kosa lako analipunguza makali. Anaweka "labda", anaweka "bahati mbaya", na wewe unabaki chumba cha pili unasikilizia ukutani. Nilifikiria jambo hilo hadi bajaji ikasimama mlangoni Gongoni. Nilimwambia dereva asubiri tushushe mzigo.

Baba mkwe alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake, fimbo pembeni. Tuliiweka deki kwenye meza yake. Aliinyooshea mkono, akaupapasa uso wake, droo, vitufe, kimoja kimoja.

"Imerudi?"

"Imerudi, baba," alisema Eustadia. "Inaimba. Tumeisikia. Sasa, baba, kuhusu ile lenzi ya zamani, unajua vitu hivi navyo..."

Niliweka mkoba chini. Nikavuka jamvi nililokuwa sijalikanyaga tangu nilipoolewa, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, karibu hata kwa macho yale aweze kuniona.

"Shikamoo, baba."

Alishtuka kunisikia karibu vile. "Marahaba, Mama Doto. Kuna nini?"

"Lenzi niliiharibu mimi, baba. Siku uliyokwenda kliniki. Nilitaka ukirudi uikute haikwami. Niliisafisha na zailini, ikaungua. Nikanyamaza. Fundi Mabruki aligundua, akanisitiri, akatukanwa kwa ajili yangu. Hakuiba kitu. Hata ukucha wa kitu hakuiba."

Eustadia alikuwa ameshika mdomo.

Baba mkwe aligeuza uso kunielekea. Kisha akasema, "Zailini?"

"Ndiyo, baba."

"Kwenye plastiki?"

"Ndiyo, baba."

"Mtu mwenye diploma!" Mabega yakaanza kumtikisika. "Eustadia, umesikia? Nimekoroga uji miaka mitatu ili huyu akamwagie plastiki zailini!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikiwa chini pale nikacheka pia na kulia pia, na nikaona nafasi, nikaitumia. "Kwa ule uji, baba, sikuwahi kukuambia ahsante kwa mdomo. Ahsante."

"Ahsante ya uji nimeila zamani," alisema. "Samaki wasio na miiba wanatoka wapi?"

Halafu kicheko kikamkauka ghafla. Aliuweka mkono kwenye paji la uso.

"Mimi nimemfanya nini yule fundi?"

"Wilbroad alikuja kuchukua amplifaya, baba. Tukiwepo. Mtaa mzima ukitazama."

"Nipigie Wilbroad."

Simu yake ilikuwa kwenye stuli. Nilitafuta jina, nikapiga, na ilipoanza kuita sikuiweka mezani. Nilimpa mkononi. Akaipokea.

"Wilbroad? Masolwa. Amplifaya iko wapi? ... Ipakie tena kwenye pikipiki. Ndiyo, sasa hivi. Irudishe kwa Mabruki. ... Hapana, usimwambie chochote. Atakayemwambia niko njiani."

Alikata simu, akanyoosha mkono kutafuta fimbo.

"Mama Doto, hiyo bajaji imeondoka?"

"Bado, baba."

Alinipa mkono nimwinue, tukatoka.